Uzi Mwekundu wa Birere

Sufu ilinunuliwa mtaa wa nyuma ya duka la Bagalwa, kwa mama mmoja wa kabila la Wanande aliyeuza sindano na vifungo, na Donatille, mfanyakazi wake, ndiye aliyetumwa kuinunua. Kwa hiyo alijua tangu mwanzo. Aliileta ndani ya mfuko mweusi, akaikata vipande vya urefu wa shibiri, akafunga mafundo saba kwenye kila kipande. Mchana Bagalwa alivitandaza juu ya kitambaa cheupe akawaambia wateja kwamba uzi huo ulizungushwa kwenye kaburi la mama yetu Raheli, kule Bethlehemu, huku wazee wa Kiyahudi wakitamka majina ya Mungu ambayo mtu wa kawaida akiyataja ulimi wake unakauka.

Bagalwa hakuwa na sura ya mwovu. Alikuwa mcheshi, msafi, mtu wa upande wa Bukavu aliyejua kumsalimu kila mpita njia kwa namna iliyomfaa. Kabla ya hapo aliuza kava za simu. Ndipo siku moja akaona katika simu yake picha za waimbaji na wachezaji mpira wa ng'ambo, kila mmoja na uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, na chini yake maneno kwamba hiyo ni Kabala, siri ya Wayahudi, iliyowapa mali na majina. Alisoma kurasa chache, akatazama video kadhaa, akaona zimetosha. Aliandika "Maison Kabala", Nyumba ya Kabala, juu ya mlango, akachora nyota ya buluu, akakata pazia la zamani akalifanya shali yenye mistari myeusi. Watu wa mtaa ule wa Birere, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, wakaanza kumwita Rabi.

Mwanzoni wateja wake walikuwa wasichana waliotafuta wachumba na wafanyabiashara waliotaka mizigo yao ivuke mpaka bila kusumbuliwa. Kisha yakaja maji ya Kabala ndani ya chupa, na kadi ndogo za kuvaa shingoni zenye herufi za Kiebrania alizozinakili kutoka kwenye simu. Donatille aliona mambo hayo kama anavyoona mtu mwenye njaa: kwa mbali. Yeye na mumewe Laurent walikuwa wametoka milima ya Masisi wakikimbia risasi, wamemwacha nyuma kila ng'ombe waliyekuwa naye, na jibini ikiwa bado kwenye mbao inakauka. Sasa walikaa kambi ya Munigi, chini ya bashi, turubai la msaada lililowambwa juu ya mawe meusi ya volkeno, na binti yao mdogo Deborah. Kazi ya kufunga mafundo ndiyo iliyoleta unga nyumbani. Laurent hakuwa na kazi. Alikuwa amejua ng'ombe maisha yake yote, na Munigi hakukuwa na hata nyasi ya kuangalia.

Jambo moja Donatille hakumwambia mtu yeyote. Deborah alipougua homa ya kutetemeka, siku ambayo hata dawa za kituo cha afya zilikuwa zimekwisha, alikata kipande cha sufu ileile, akafunga mafundo yaleyale, akamvisha mtoto. Alijua ilikotoka. Alimvisha hivyohivyo, na homa iliposhuka hakumvua.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule vita vilishuka kutoka milimani. Mizinga ilisikika upande wa mji mdogo wa Sake, kwanza kama mtu anayehamisha meza chumba cha pili, kisha karibu zaidi, mpaka vyombo vikaanza kulia rafuni. Barabara zilijaa watu wenye magodoro vichwani. Wapiganaji nao wakajaa Birere, vijana wa milima na vijana wa mjini waliochukua bunduki kulinda mji, na wengi wao walikuwa wamekulia katika habari za dawa inayogeuza risasi kuwa maji. Mmoja alimuuliza Bagalwa kama uzi wa Wayahudi unafanya kazi hiyo pia.

Bagalwa alinyamaza kidogo. Donatille alikuwa ameketi kando yake na mkasi, na baadaye alikumbuka ule ukimya zaidi kuliko maneno yaliyoufuata. Kisha Rabi akasema kwamba Israeli ni nchi ndogo iliyozungukwa na maadui, na mbona haijamezwa? Siri ni hiyo. Kijana akanunua wa kwake na wa ndugu zake. Kufikia mwisho wa juma hakuna mchumba wala mfanyabiashara aliyetajwa tena katika duka lile. Waliokuja wote walikuwa na bunduki, nao walinyoosha mikono kwa Donatille awafungie, wapole kama watoto wanaopimwa nguo. Aliwafungia. Usiku alipolala vidole vilikuwa vyekundu, na hakuwa na hakika kama ni rangi ya sufu tu.

Jioni moja alirudi Munigi akamkuta Laurent amevaa uzi mmoja.

Haukutoka mkononi mwake moja kwa moja. Wachuuzi walikuwa wakinunua kwa Bagalwa na kuuza kambini. Laurent alikuwa ameketi juu ya jiwe, amenyoa ndevu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alimweleza mkewe kwa sauti ya kawaida kwamba watu wa milima yao wanakusanyika kwenda kupigana Sake, lori litapita kesho alasiri barabara ya Keshero, na yeye atakuwa ndani yake.

Donatille alimshika mkono, akauinua mpaka karibu na uso wake.

"Papa Deborah, hii niliifunga miye. Angalia fundo. Ni sufu ya kufumia kofia za watoto. Hakuna kaburi, hakuna Bethlehemu."

"Wewe unafunga," Laurent akasema. "Maneno yanatamkwa baadaye, wewe ukiisha kutoka."

"Nani anayatamka? Bagalwa? Yeye anakula wali na kulala."

"Mama Deborah, mambo ya Mungu si kila mutu anayaona."

Akauvuta mkono wake taratibu, akaingia ndani. Donatille alibaki nje. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Alijiuliza kama mumewe hakusema kweli. Huenda maneno yalitamkwa. Huenda homa ya mtoto ilishuka kwa sababu. Mtu anaweza kuuza kitu asichokijua nacho kikawa na nguvu. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kanisani maisha yake yote bila kujua Kilatini.

Asubuhi hakwenda Birere. Alimwacha mtoto kwa baba yake, akachukua pikipiki mpaka Keshero, kwenye shule ya parokia alikofundisha mtawa mmoja aitwaye Rosine. Masœur Rosine aliwahi kugawa chakula Munigi, na watu walisema kwamba alisomea Biblia Kinshasa katika lugha zake za asili. Donatille alimkuta uani akiwaonyesha watu mahali pa kuweka majeruhi. Akampa kadi moja ya Bagalwa na kumuuliza imeandikwa nini.

Mtawa aliitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Haijaandikwa kitu," akasema. "Herufi ni za kweli, lakini zimemwagwa tu. Hii imesimama kichwa chini. Hii nayo imekatwa nusu. Ni kama mutu aliyepiga picha ya ukurasa akachana vipande."

Donatille akauliza kama basi Kabala yenyewe ni uongo.

Masœur Rosine alimvuta kando, ingawa watu walikuwa wanamwita kutoka pande zote. Alisema kwamba hapana, si uongo, na ndiyo sababu jambo hili linamuuma. Ni mafundisho ya kale ya watu waliofukuzwa nchi hadi nchi, waliochomewa nyumba na vitabu, nao wakakaa wakijiuliza Mungu yuko wapi katika dunia iliyovunjika namna hii. Mtu hakuyaanza mpaka awe amesoma Sheria miaka na miaka. Yalitaka kufunga, kusali, kunyamaza. Na uzi mwekundu, akasema, ndiyo, wako akina nyanya wa Kiyahudi wanaomfungia mtoto mchanga, kama wa kwetu wanavyomfungia ushanga. Ni mapenzi ya nyanya. Hakuna nyanya aliyesema unazuia risasi.

"Huyo mutu amechota kisima cha wengine akakitia ndani ya chupa," akamalizia. "Na kisima chenyewe hajawahi kukiona."

Donatille alimwomba aje Munigi amwambie Laurent. Mtawa akamwonyesha uani kwa macho tu: machela zilikuwa zinaingia.

Basi akashika njia ya Birere. Kama mtawa hawezi kuja, atakuja muuzaji mwenyewe, akaseme kwa mdomo wake.

Alimkuta Bagalwa anafunga virago. Shali ya pazia ilikuwa imekunjwa juu ya meza. Alikuwa amesikia kwamba mpaka unaweza kufungwa wakati wowote, naye alitaka kuvuka upande wa Gisenyi kabla ya saa sita. Donatille alipomweleza shida yake alimsikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Mama Deborah, nikikiri kwa mume wako, nimekiri kwa mji mzima. Unajua nimeuzia watu gani."

"Ndiyo maana ukiri."

"Nilikuwa nauza tumaini. Kuna mutu nilimulazimisha?"

Donatille alimtazama mikono. Kwa muda wote aliomfanyia kazi hakuwahi kuona kwamba Rabi mwenyewe havai uzi.

Kabla hajasema lolote gari likasimama nje, pikapu iliyojaa vijana. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa komanda wao, Jeancy, kijana mrefu mwenye sauti ya chini ambaye Donatille alikwisha kumfungia uzi juma lililopita. Alisalimia vizuri. Alisema wanaelekea Sake na kwamba ana watu wapya wasio na kinga, anahitaji nyuzi kwa wote, wafungiwe hapahapa. Bagalwa akaivuta shali mezani akajitupia mabegani. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Akamwambia Donatille akate.

Donatille akaketi. Akachukua mkasi na sufu. Kijana wa kwanza akanyoosha mkono, na ulikuwa mkono mwembamba wenye kovu la moto, na mkasi haukukata. Si kwamba alikuwa ameamua. Vidole vilikataa tu. Foleni ikaanza kusukumana.

Jeancy akamuuliza kama anaumwa.

"Hii sufu niliinunua kwa mama wa sindano, nyuma pale," Donatille akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini duka lilikuwa dogo. "Ni miye niliyeikata, ni miye niliyefunga mafundo. Haikutoka kwa Wayahudi. Nenda muulize yule mama. Na ile kadi, masœur aliyesoma Kiebrania ameniambia leo kwamba haina neno hata moja. Mukienda nayo, munaenda mikono mitupu."

Hakuna aliyesogea. Nje mwendesha pikipiki alikuwa anabishana na abiria, na kila neno la ugomvi wao lilisikika.

Bagalwa alicheka kidogo. Alisema mama huyu ni mkimbizi, amechoka, vita vimemvuruga kichwa, wamsamehe. Jeancy alimwangalia yeye, akamwangalia mama, akachukua uzi mmoja uliokuwa tayari mezani. Alimfunga Bagalwa kifundoni, kwa uangalifu, fundo juu ya fundo.

"Njia ya kujua ni fupi," akasema. "Simama kwa ukuta, Rabi."

Wakamtoa nje. Wauzaji wa jirani walivuta milango yao. Bagalwa alisimama mbele ya ukuta wa mawe meusi na shali yake ya pazia, na Jeancy akainua bunduki bila haraka yoyote. Kwa kitambo Bagalwa aliutazama uzi kifundoni mwake. Labda alitumaini kwamba ni mzaha. Labda, kama Donatille alivyokuja kuwaza baadaye, hata yeye alijiuliza ghafla kama huenda ungefanya kazi. Kisha akapiga magoti.

"Ni sufu," akasema. "Komanda, ni sufu ya Birere. Munisamehe."

Bunduki haikushuka. Jeancy alisema, kwa sauti ileile ya chini, kwamba alikuwa na rafiki aliyesimama wima katikati ya barabara ya Sake kwa sababu ya sufu hiyo. Akataja jina la marehemu. Akasema kwamba alimzika jana.

Donatille hakumpenda Bagalwa saa ile. Alitamani kugeuka aende zake. Lakini miguu ilimpeleka mbele, akasimama kati ya bunduki na ukuta.

"Mukianza naye mutamalizia kwangu, sababu mafundo ni yangu," akasema. "Lakini musikilize kwanza, muzee wangu. Wenzenu wako Sake na hii kitu mikononi sasa hivi. Wanasimama barabarani kama rafiki yenu. Mukiua huyu, nani atawaambia? Wakisikia kwangu watasema ni mwanamuke tu. Wasikie kwake."

Alimwita muzee kijana aliyeweza kuwa mdogo wake, na hakuna aliyetabasamu.

Hatimaye Jeancy akashusha bunduki, akatoa simu mfukoni, akaishika mbele ya mdomo wa Bagalwa. Na Bagalwa, akiwa bado magotini, akasema yote: jina lake, duka lake, sufu ilikonunuliwa, herufi alikozitoa. Alisema kwamba hajawahi kukutana na Myahudi hata mmoja. Alilia alipofika hapo, ajabu, kana kwamba hilo ndilo lililomwaibisha zaidi. Jeancy akaituma sauti hiyo kwa watu wake wote, na hao wakaituma kwa wengine.

Vijana walimwaga chupa za maji barabarani, wakavunja ubao wa nyota ya buluu. Wengine walikata nyuzi zao. Yule mwenye kovu la moto, ambaye hakuwa amefungiwa bado, aliokota mmoja chini, akautia mfukoni. Donatille alimwona. Kijana naye akaona kwamba ameonekana, akageuza uso. Pikapu ikaondoka. Bagalwa aliondoka pia, kuelekea mpaka, bila begi na bila shali, naye hakugeuka kumtazama mwanamke aliyesimama mbele yake.

Donatille alipofika Munigi, sauti ilikuwa imemtangulia. Katika kila bashi lenye simu Bagalwa alikuwa analia. Laurent alikuwa ameketi mahali palepale, na uzi bado mkononi.

"Umesikia?" Donatille akauliza.

"Nimesikia. Nilijua."

"Ulijua nini?"

Laurent alimtazama Deborah, aliyekuwa anacheza na vijiwe karibu nao. "Niliona ulimufungia mutoto. Nikasema, kama inamutuliza mama kwa mutoto, itamutuliza na kwangu. Utaniacha niende bila kulia." Akaukata uzi kwa meno. "Miye siendi kwa sababu ya hii. Naenda sababu nimechoka kukaa juu ya mawe. Wengine wanachunga ng'ombe zangu."

Donatille alijihisi kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zote akakuta ulikuwa wazi. Yote yale ya asubuhi, bunduki, ukuta, na bado mume anaondoka. Hakulia. Alisema polepole, kwa kuwa alitaka kila neno limfikie:

"Ng'ombe wamekwisha kuliwa, Papa Deborah. Miye bado."

Ndipo bomu la kwanza lilipoanguka juu ya Munigi, kwenye mteremko wa nyuma, na kambi nzima ikainuka kama ndege shambani. Laurent alimbeba Deborah mabegani. Donatille alinyakua sufuria na blanketi. Walishuka na umati, kati ya mbuzi na baiskeli na wazee waliobebwa migongoni, mpaka mjini, kisha upande wa ziwa, kwa sababu Donatille alitaka kufika kwa watawa.

Katika barabara ya Keshero lori lilikuwa limesimama. Watu wa milima yao walikuwa wamejaa nyuma, na mmoja akamwita Laurent kwa jina, akanyoosha mkono kumvuta. Laurent alisimama. Donatille naye akasimama, akashikilia sufuria kifuani. Hakumshika mumewe. Alisema moyoni kwamba akimvuta sasa, atamvuta maisha yote.

Dereva akapiga honi. Deborah, juu ya mabega, alikuwa ameshika masikio ya baba yake kwa mikono miwili.

"Tangulieni," Laurent akawaambia.

Siku zilizofuata walilala wote watatu sakafuni katika darasa la Masœur Rosine, chini ya usawa wa madirisha, pamoja na watu wengi kiasi kwamba mtu akijigeuza, safu nzima inajigeuza. Risasi zilitoboa bati. Maji yalikatika, umeme ukakatika. Bunduki ziliponyamaza mji ulikuwa na wakubwa wengine, na barabarani watu wenye glovu walikuwa wanakusanya maiti. Donatille alikwenda ziwani kuteka maji, akajikuta anatazama vifundo vya mikono. Kulikuwa na wenye uzi na kulikuwa na wasio nao. Hakumwona Jeancy, wala kati ya wafu wala kati ya wazima. Waliokuwa ndani ya lori, wachache tu walirudi.

Makambi yalibomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao. Laurent na Donatille walipanda Masisi kwa miguu katika mvua. Nyumba yao ilikuwa imesimama, bila mlango na bila bati nusu yake, na uani, palipokuwa na zizi, palikuwa na maharage mazuri ya mtu mwingine. Mwanamke mmoja alitoka ndani na jembe mkononi. Jina lake Mukamugema. Alikimbia kutoka mlima wa mbali zaidi, akakuta nyumba tupu, akaingia.

Walisimama wakitazamana, yeye na jembe, wao na vifurushi mikononi. Laurent alianza kusema kwamba nyumba ni yake, sauti yake ikapanda, na Mukamugema akalikaza jembe. Donatille akauliza maharage yatakomaa lini.

"Mwezi kesho," yule mwanamke akasema.

"Basi tukae wote mpaka yakomae. Tutagawana. Kisha tutaongea habari ya nyumba."

Mukamugema alifikiri. Alimtazama mtoto aliyelowa, akasogea mlangoni akawapisha. Siku ya pili asubuhi wanawake wawili walikuwa shambani wanapalilia, kila mmoja kwenye mstari wake, bila kusema mengi, na Laurent alikuwa juu ya paa anatafuta mahali bati linapovuja.